Fundi Anajibu: Karakana ya mabehewa kwenye rafu ya sentimita 120

Shikamoo Babu. Nipo Morogoro. Nina rafu ukutani, urefu sentimita 120, upana 30. Nataka kutengeneza modeli ya karakana ndogo ya mabehewa ya mizigo, ya siku hizi, si ya enzi za mvuke, na iwe ya reli yetu ya mita moja. Nimeshachora banda kubwa lenye njia tatu ndani. Mabehewa yangu ni matano ya kontena za futi 40, ila nikiyapanga hayaenei. Rafiki yangu ananiambia nihamie SGR maana reli zake zinapatikana kirahisi. Nianzie wapi?

Marahaba mwanangu. Anza kwa kufuta hilo banda.

Sikutanii. Modeli yangu ya kwanza ya karakana nilijenga banda miezi minne: nguzo, kenchi, bati moja moja, hadi mfereji wa maji ya mvua. Siku ya kuwaonyesha watu, kila mtu aliona bati. Mabehewa yako ndani gizani, na mjukuu wangu akauliza kama lile ni ghala la mahindi. Kazi ya kutengeneza mabehewa ya mizigo kwa sehemu kubwa hufanyika nje. Unahitaji zege iliyosawazishwa, kipande cha reli kilichonyooka, jeki nne, kompresa ya upepo, taa ya usiku na kontena chakavu la futi 20 lililotobolewa dirisha likawa ofisi. Ukitaka kivuli, simamisha nguzo na paa upande wa nyuma, mbele pabaki wazi kabisa.

Kuhusu upana wa reli, rafiki yako hajakosea hesabu. SGR ni milimita 1,435. Modeli za kipimo cha HO ni 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko kitu chenyewe. Gawa kwa 87 upate milimita 16.5, na hiyo ndiyo reli ya HO inayouzwa kila pembe ya dunia. Lakini SGR yetu imeanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi wa 6 mwaka 2024. Vitu vyake bado vinanukia rangi. Wewe moyo wako uko kwenye uchakavu, usijidanganye.

Reli ya mita moja ukiigawa kwa 87 unapata 11.5. Ya modeli iliyo karibu ni ya milimita 12, wenyewe huiita HOm. Waswisi wameizoea kwa sababu milimani kwao nao wana reli za mita moja, na kampuni ya Bemo inauza vitu vyake, kwa bei itakayokutoa jasho. Njia ya mkato ni reli za TT. Hizo ni za kipimo cha 1:120 lakini upana wake ni milimita 12 zilezile, na tangu kampuni ya Hornby iingie kwenye TT:120 mwaka 2022 zimekuwa rahisi kuzipata. Kasoro ni moja: mataruma yake ni membamba na yamebanana, maana yalipigiwa hesabu ya kipimo kingine. Kwenye njia kuu kasoro hiyo ingekuumbua. Karakanani yafukie. Udongo wa pale umelowa oili na grisi miaka na miaka, umepanda hadi shingoni mwa reli, taruma huoni hata ukilitafuta. Chekecha udongo mkavu kwenye soksi ya nailoni, changanya na gundi ya mbao iliyozimuliwa maji, pitisha rangi nyeusi hafifu. Acha mataruma mawili matatu yachungulie, usizike yote kama kaburi.

(Ukiagiza, muulize muuzaji upana kwa milimita na akutumie picha yenye rula. Mimi niliwahi kulipia pointi mbili, yaani reli za kugawanya njia, za 12 nikaletewa za 9. Ziko kwenye droo hadi leo.)

Sasa hayo mabehewa yasiyoenea. Mwingereza aitwaye Alan Wright alibuni mpango wa Inglenook Sidings, fumbo la kupanga mabehewa: njia tatu zisizotokea mbele, moja inabeba mabehewa matano, mbili zinabeba matatu matatu, na upande wa pili kipande cha kuvutia kinachotosha kichwa cha treni na mabehewa matatu. Una mabehewa 8, unatakiwa kuunda treni ya 5 kwa mpangilio uliotajwa. Mipangilio inafika 6,720, kwa hiyo hutachoka nayo kesho. Kwenye rafu yako ule mkubwa hauingii. Wapo wanaoupunguza ukawa tatu, mbili, mbili, mabehewa 5 na treni ya 3. Hapo mipangilio inashuka hadi 60, nayo inakutosha jioni nyingi.

Piga hesabu nami. Kontena la futi 40 kwa 1:87 ni sentimita 14. Behewa lake ukihesabu na kapla, yaani viunganishi vya mabehewa, linakaribia 16. Matatu ni 48. Kichwa kifupi cha sentimita 15 na mabehewa mawili nyuma yake ni 47. Pointi mbili zilizofuatana zitakula 25. Jumla 120 kamili, hakuna nafasi hata ya kidole. Tafuta mabehewa mafupi ya sentimita 12, ya tangi au ya kontena za futi 20, na hesabu inashuka hadi 100. Zile sentimita 20 zilizobaki usizitie reli, ndipo karakana ipumue.

Haya, nifike kwenye jambo lenyewe. Modeli nyingi za karakana nilizoziona zina mabehewa mazima! Yamepangwa yanang'aa, mafundi wa plastiki wamesimama na spana, hakuna kinachotengenezwa. Ni kama hospitali isiyo na mgonjwa. Kila behewa unaloweka pale liwe na ugonjwa wake, na ugonjwa uonekane.

La kwanza lina gurudumu bapa. Breki iliganda, gurudumu likaburutwa juu ya reli badala ya kuzunguka, likasagika upande mmoja. Likitembea linagonga ko-ko-ko, na aliyelala jirani na reli analihesabu bila kutaka. Usije ukapiga faili gurudumu la modeli yako, litakuangusha kila pointi. Chukua ekseli ya ziada, iweke kando juu ya vipande viwili vya reli, chora X ndogo ya chaki palipobonyea. Mtu wa reli akiiona ataelewa, asiye wa reli atauliza, nawe utapata cha kusimulia.

La pili beringi yake imechemka. Grisi imeyeyuka, imerushwa na mzunguko, imetengeneza upepeo mweusi uliolowa kwenye uso wa gurudumu. Tone moja la vanishi ya kung'aa juu ya rangi nyeusi, ulivute kwa ncha ya kijiti cha meno kutoka katikati kwenda nje. Fanya gurudumu moja tu. Wenzake watatu upande huo wawe na vumbi kavu la kawaida. Tofauti hiyo ndiyo itakayomwita mtazamaji asogee.

La tatu mpira wake wa breki umepasuka na unaning'inia. Hapa ndipo usasa unapoonekana, zaidi ya rangi au kontena. Breki za vakyumu za zamani zilikuwa na mipira minene kama mkono wa mtoto. Breki za upepo uliosukumwa zina mipira myembamba. Ganda la waya mwembamba wa umeme litakufaa, na dukani karibu nawe hukosi. La nne mlango umepindwa na foklifti, halihitaji maelezo.

Na la tano? Lile refu la futi 40 lililokataa kuenea. Livue bogi zote mbili, yaani fremu za magurudumu, lisimamishe kwenye zile sentimita 20 juu ya stendi nne, sakafu ipande milimita 17 hivi kutoka kwenye zege, ambayo ni kama mita moja na nusu. Jeki ziwe pembeni kwenye kona, lakini uzito uonekane umekaa kwenye stendi. Hakuna fundi mwenye mke na watoto anayeingia chini ya behewa lililoshikwa na jeki peke yake. Bogi moja iwe imefunguliwa, springi zake zimepangwa chini kwa safu. Springi unazipata kwa kuzungusha waya mwembamba kwenye sindano ya kushonea na kukata vipande. Kando weka mitungi miwili ya kukatia chuma, wa oksijeni mweusi na wa asetilini rangi ya damu ya mzee, imefungwa mnyororo isianguke. Hilo behewa haliendi popote, kwa hiyo kwenye mchezo tafuta jingine fupi la kushika namba yake.

Mchezo wenyewe: andika kadi tano, kila moja namba ya behewa na ugonjwa wake. Vuta tatu bila kuangalia. Hizo ndizo zilizopona, na mpangilio uliozivuta ndio mpangilio wa treni inayotoka. Zilizobaki zinarudi, moja njia ya kutengenezea breki, nyingine njia yenye zege. Kapla za kampuni ya Kadee zitakusaidia, zinafunguka kwa sumaku bila kuingiza mkono.

Babu, mimi ni wa Tanga. Naelewa hupendi mabanda, lakini nina kibanda kidogo cha kompresa na nataka bati za mgongo wa kweli. Karatasi za kuchapisha zinaonekana ni karatasi.

Sichukii mabanda, nachukia giza.

Mgongo wa bati la kawaida hurudia kila milimita 76. Kwa 1:87 hiyo ni chini kidogo ya milimita moja. Sasa nenda duka la vifaa vya ujenzi ukaombe bolti ndefu ya M5 yenye uzi mwili mzima. Uzi wake unarudia kila milimita 0.8. Karibu kabisa, na bei yake ni ya soda.

Chukua foili nene, ile ya visahani vya kufungia chakula, ioshe mafuta. Ilaze juu ya ndala ya zamani, upande wa chini ulio laini. Weka bolti juu yake, bonyeza kwa viganja viwili, isukume mbele mara moja kama unayesukuma chapati. Usirudi nyuma, ukirudi mistari inagongana. Ukiinua utaona bati. Angalia vizuri: mistari haiko sambamba na ukingo wa foili, imelala mshazari kidogo kwa sababu uzi wa bolti nao umezunguka mshazari. Ndipo wengi hukosea, wakakata kwa kufuata ukingo, paa likatoka limepinda kama limepigwa na upepo. Kata kwa kufuata mgongo wa bati wenyewe. Vipande viwe vya upana wa sentimita moja, ulalishe kimoja juu ya mwenzake mgongo mmoja, kama fundi paa anavyofanya.

Kutu usipake paa zima. Inaanzia kwenye misumari na pale bati linapopandana na mwenzake.

Shikamoo. Niko Mbeya, natengeneza TAZARA. Reli ya milimita 12 inanifaa, au hiyo ni ya Reli ya Kati tu?

Marahaba. Inakufaa. TAZARA ni milimita 1,067. Gawa kwa 87 upate 12.26. Robo ya milimita haina jicho la kuiona.

Ila kuna mtego. Kwenye modeli, behewa la TAZARA na la Reli ya Kati yatapita njia moja bila kelele. Kwenye maisha, zile milimita 67 zimelazimisha mizigo ihamishwe Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, kutoka behewa hadi behewa. Kwa hiyo usichanganye mabehewa ya mashirika mawili kwenye treni moja eti kwa sababu magurudumu yamekubali. Wakija watu wa Kidatu kutazama watakucheka mbele ya watoto.

Babu, nipo Tabora. Nimeona uchanganye siki na waya wa kusugulia sufuria ili kupata unga wa kutu halisi. Umewahi?

Nimewahi, nikaua mota. Rangi ni nzuri kweli, lakini ndani ya unga hubaki nyuzi za chuma ambazo hazijaliwa, na mota ya kichwa ina sumaku. Tumia unga wa tofali uliosagwa na kuchekechwa, na masizi ya chungu kwa weusi.

Kutu mpya ni rangi ya machungwa, ya zamani ni kahawia iliyokolea. Tazama pia uso wa gurudumu unaokanyaga reli. Behewa lililoingia jana uso huo unang'aa kama shilingi mpya. Lililosimama masika mawili umeshika kutu, na nyasi zimepita katikati ya bogi. Ukilipaka behewa kutu mwili mzima ukasahau hapo, umelidanganya.

Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, Dodoma. Marehemu baba alikuwa anagonga magurudumu kwa nyundo yenye mpini mrefu. Naweza kumweka kwenye karakana ya kisasa, au nitaonekana sijui kitu?

Pole kwa kuondokewa na mzee. Nimeisikia nyundo hiyo. Gurudumu zima linajibu ngeee, sauti inaenda mbali. Lenye ufa linasema ndu, linanyamaza. Siku hizi ekseli hupimwa kwa mawimbi ya sauti, fundi ana kimashine cha kushika mkononi kilichounganishwa na waya, na kwa 1:87 hicho ni kama nusu ya punje ya mchele.

Mtengeneze huyo kijana wa kimashine, achuchumae pale ekseli ilipo. Na mzee mweke. Mtu wa mita 1.70 ni karibu milimita 20. Mkalishe kwenye boksi la mbao kivulini mwa kontena, kikombe cha chai mkononi, nyundo ameiegemeza ukutani. Mpini ni pini yenye kichwa. Uso wake uelekee kwa kijana.

Mzee alikuwa anavaa kofia gani?