ECG safi, eko ya nini tena?
Dada uliyeuliza kama eko ya moyo ni kupoteza hela kwa vile ECG ya mdogo wako imetoka safi, hapana, mpeleke tu. ECG inasoma umeme wa moyo basi, valvu, yaani vile vimilango vya moyo vinavyopitisha damu upande mmoja, haikuonyeshi. Eko ni ultrasaundi kama ile ya wajawazito, analala ubavu wa kushoto wanampaka jeli kifuani, haiumi na haina mionzi, na daktari anauona moyo unavyopiga pale pale, valvu zinafunguka au zimekakamaa, damu inarudi nyuma au la, kuna maji yamezunguka moyo, na ile EF yaani kila pigo linasukuma asilimia ngapi ya damu, kawaida 55 kwenda juu. Sasa umesema ana miaka 19, anahema akipanda ngazi na utotoni alisumbuliwa sana na koo na viungo, aisee hapo mimi nawaza valvu kabisa, rumatiki, yaani ule ugonjwa unaoanzia kwenye koo, ukaja viungo, ukaishia kuharibu valvu, na ikigundulika mapema kuna sindano za penisilini kila wiki 3 au 4 ili isizidi kuharibu. Kwa Dar JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili wanapima. Akianza kukosa pumzi akilala, au miguu ikivimba, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo.