Anti Nijibu: Nguo ya kuogelea nimeivaa, nikaivua hapohapo

SWALI: Anti habari za kazi. Mimi nina miaka 53, watoto wanne na wajukuu wawili, naishi Tanga. Magoti yananisumbua sana, daktari akanishauri mazoezi ya majini, basi binti yangu akaniletea nguo ya kuogelea ya kipande kimoja, bluu. Nimeivaa chumbani, nikajitazama kwenye kioo, nikaivua hapohapo. Tumbo limeshuka, kuna kovu la opresheni, mapaja yana michirizi na nyuma ya magoti mishipa imetuna. Nikamsimulia shoga yangu, akanijibu bibi mzima unaenda kujianika ufukweni Raskazone? Nimekosa raha kabisa. Nifanyeje?

ANTI: Mwenzangu pole kwa magoti, na pole zaidi kwa hayo maneno, maana yameniuma hata mimi niliyeyasoma tu.

Tuanze na tumbo. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inashuka, na mafuta ambayo zamani yalikuwa yanakaa kwenye mapaja na hipsi yanahamia tumboni, inatokea hata kwa mwanamke ambaye anakula kilekile cha miaka yote, kwa hiyo usianze kujiuliza umekosea wapi. Michirizi wanayo hata mabinti wa sekondari, ngozi ikivutika haraka inaacha alama, basi. Mishipa ndo hizo mimba nne, na maji yenyewe yanakusaidia kwa sababu yanaibana miguu na damu inapanda vizuri. Ila mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa na joto na maumivu, hapo hospitali kwanza.

Na daktari wako kakwambia jambo la maana sana. Ukisimama maji yakafika kiunoni, magoti yanabeba kama nusu tu ya uzito wako, yakifika kifuani yanabaki kubeba karibu theluthi. Yani mtu anayeshuka ngazi kwa kushika ukuta anaweza akatembea humo huku anapiga stori na wenzake. Jamani, hiyo nafuu uikose kwa ajili ya kovu ambalo mwanao alipitia hapo kuja duniani?

Hili la umri nalo nikwambie. Bikini ilipotolewa Paris mwaka 1946, Louis Réard aliyeibuni alimvalisha mcheza dansi kijana, Micheline Bernardini, maana wanamitindo waliikataa. Nguo imeanzia kwenye mwili wa msichana na mpaka leo wanawake wote tunapimwa kwa mwili huo. Siku hizi mambo yanabadilika kidogo, jarida la Marekani la Sports Illustrated lilimweka Maye Musk kwenye jalada la toleo lake la nguo za kuogelea mwaka 2022 akiwa na miaka 74, mwaka uliofuata Martha Stewart, miaka 81. Nimefurahi, lakini hao wana watu wa taa na wa vipodozi pembeni, sitaki ujilinganishe nao.

Anayenigusa zaidi ni Halima Aden, mwanamitindo Msomali aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma hapo Kenya. Mwaka 2019 jarida hilohilo lilitoa picha zake zilizopigwa Watamu, kavaa burkini, ile nguo ya kuogelea inayofunika mwili mzima, na kichwa kafunika, amesitirika na amependeza na yuko ndani ya maji. Hiyo burkini aliibuni Aheda Zanetti wa Australia mwaka 2004, na kule Nungwi, Zanzibar, wapo wasichana waliojifunza kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kujisitiri za namna hiyo. Nakutajia haya kwa sababu shoga yako kakuwekea njia mbili tu, ujianike au ukae nyumbani, na zipo nyingine nyingi. Ukitaka kusitiri mapaja yasitiri, ukitaka kuvaa hiyo bluu ilivyo vaa, cha muhimu uwe umeamua mwenyewe na uingie majini.

Sasa hiyo ya bluu usiihukumu kwa kioo. Ivae tena, kaa kitini, inama, nyanyua mikono juu. Ikikuvuta mabegani ujue ni fupi kwa kiwiliwili chako, tafuta ndefu zaidi, na kama kifua ni kizito chukua yenye mikanda mipana na vikombe ndani. Chini ongeza taiti ya kuogelea inayofika magotini, ile ya nailoni na spandeksi, usichukue ya pamba maana inanyonya maji inakuwa nzito inaanza kushuka. Ukienda mtumbani ivute kitambaa uangalie kwenye mwanga, ukiona vinyuzi vyeupe vimechomoza ujue lastiki imeshakufa, iache. Jifunge kikoi mpaka kwenye maji, kivue hapo, kimpe binti yako akushikie. Nenda asubuhi mapema kukiwa kumetulia. Ukirudi isuuze kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, usiikamue kwa kuisokota, anika kivulini.

Na shoga yako mkaribishe tu, huenda na yeye ana kovu lake.

SWALI: Anti shikamoo. Mama yangu ana miaka 61, tuko Mombasa. Tukienda ufukweni Pirates anaingia na dera mpaka maji ya kifuani na hataki kusikia nguo nyingine, anasema mwili wake ushazeeka hauna cha kuonyesha. Nimwache?

ANTI: Marahaba mwanangu. Kujisitiri usimkatalie hata kidogo, shida ni dera lenyewe. Likiingia majini kwanza linajaa hewa, likishalowa linazunguka miguu, wimbi likimwangusha hapo kuinuka ni kazi kweli, hata kwa kijana. Kwa hiyo akiwa na dera asipite magotini na wewe uwe pembeni yake. Halafu mtafutie burkini ya rangi anayoipenda, muende wote akaijaribu, usimnunulie kwa kukisia maana ikimbana tumboni hataivaa tena. Na lile la mwili kuzeeka usibishane naye, mwambie tu amependeza, mwambie mbele za wajukuu. Siku ya kwanza chagueni maji mafu, zile siku bahari haijai wala kupwa sana, msiende wakati wa bamvua, maana bamvua maji yanakuja kwa nguvu na yanajaa haraka.