"Everyone" na "their": mwanafunzi kakosea?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili, Chamwino. Mwanafunzi ameandika "Everyone has brought their book", nikamkata alama kwa sababu sisi tulifundishwa "his". Mwenzangu kijana anasema siku hizi ni sahihi. Halafu mtoto akisoma kwa sauti, darasa linaangua kicheko kwa lafudhi yake ya Kigogo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mrudishie alama yake. Hiyo "his" hukuizua wewe: mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha hata sheria kwamba maneno ya kiume katika sheria zake yahesabike kumhusu mwanamke pia. Lakini "they" ya mtu mmoja imeandikwa tangu karne ya 14, na Shakespeare kaitumia. Waliobadilika ni watunga miongozo. Mwaka 2019 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho mwongozo wake wa uandishi hufuatwa na vyuo vingi, kiliikubali rasmi. Kiingereza hakina chombo mfano wa BAKITA. Watu huandika kwanza, kamusi hufuata. Kwa ajili ya mtihani wa taifa, mpe njia isiyo na ubishi: "All the students have brought their books." Hapo msahihishaji hana pa kushika.

"He go" ni kosa bado. Likate.

Lafudhi si sarufi, na hapa nakusihi uwe makini. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza cha London zaidi ya kumi. Ndiyo maana "ship" na "sheep" hututoka sawa, na aliyesafiri kwa meli akasikika kasafiri kwa kondoo. Kicheko hicho ni kitamu, nami nakipenda. Waingereza nao wanayo yao: watu wengi wa Manchester hutamka "put" na "putt" vilevile, wa London wakawacheka.

Kwa hiyo lichekeshe darasa zima. Andika "ship" na "sheep" ubaoni, kila mmoja achague moja kimoyomoyo alitamke, wenzake waseme wamesikia lipi. Anza wewe. Mgogo, Mrangi, mtoto wa mjini, wote watateleza. Ila anayemwigiza mwenzake kwa kabila lake, msimamishe papo hapo, kwa sababu mtoto aliyechekwa hivyo hanyooshi tena mkono.

Kisha warekebishe: "sheep" ivutwe, midomo itanuke kama ya anayetabasamu, "ship" iwe fupi, midomo ilegee.