Maswali ya Wasomaji: Nyanya za Kilimo Hai Zinastahili Bei Yake?

SWALI: Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, nami ni mama wa watoto watatu. Karibu na kazini kwangu kuna duka linalouza nyanya na mboga zilizoandikwa "kilimo hai", yaani zilizolimwa bila dawa wala mbolea za viwandani, kwa bei inayozidi mara mbili ile ninayolipa gengeni mtaani kwetu. Dada yangu anasisitiza kwamba nawalisha watoto sumu. Shemeji anasema hayo ni maneno ya wafanyabiashara. Mshahara wangu hauniruhusu kununua kila kitu dukani pale. Je, vyakula hivyo ni bora kweli, au nitakuwa ninalipia jina?

JIBU: Mama mpendwa, tofauti ipo, lakini haiko pale ambapo wengi huitafuta. Kwa upande wa virutubisho, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walipitia zaidi ya tafiti 200 mwaka 2012, wasione ushahidi wa kutosha kwamba mazao ya kilimo hai yana vitamini nyingi kuliko mengine. Miaka miwili baadaye kundi lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, lilipitia machapisho 343 na kukuta mazao hayo yana viondoasumu vingi zaidi, yaani viambata vinavyosaidia kulinda seli za mwili. Walichokubaliana pande zote mbili ni kwamba mabaki ya viuatilifu hupatikana mara chache zaidi katika mazao ya kilimo hai. Kwa hiyo unachonunua hasa kwa fedha ile ya ziada ni kuepukana na dawa, na ni busara kuilipia pale tu ambapo dawa inatumika kwa wingi.

Hapa nchini dawa haitumiki sawasawa kwa kila zao. Muhogo, viazi vitamu, magimbi, nazi na mafenesi tunayokula kwa sehemu kubwa hulimwa bila mkulima kugusa bomba la dawa, ama kwa kuwa hana haja nalo, ama kwa kuwa hana fedha ya kununua dawa yenyewe. Muhogo huo ukiwekewa kibandiko na kuuzwa kwa bei maradufu, utakuwa umelipia kibandiko.

Nyanya ni habari nyingine. Tangu aingie nchini yule nondo ambaye wakulima wamembatiza jina la kanitangaze, ambaye kiwavi wake hutoboa majani na matunda, wengi wao hupiga dawa mfululizo msimu mzima, na mvua zikianza huongeza dawa za ukungu. Chukua nyanya moja kutoka kwenye fungu uitazame upande wa kikonyo: mara nyingi utaona ungaunga mweupe umeganda kwenye kile kibonyeo, mahali ambapo matone ya dawa hukusanyika na kukauka. Ungaunga huo peke yake si ushahidi kwamba nyanya itakudhuru, kwa sababu kila dawa ina siku zake za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna, ambazo huandikwa kwenye chupa au pakiti, na zikiheshimiwa mabaki hupungua. Hatari huja pale lori la mnunuzi linapofika kabla ya siku hizo kutimia, na mkulima mwenye deni la mbegu na mbolea anapoona afadhali avune kuliko nyanya zimwozee shambani. Ninaandika haya kwa uchungu, maana anayeivuta dawa hiyo kwanza ni mkulima mwenyewe, mara nyingi bila barakoa wala glavu, wakati sisi walaji huulizia mabaki yaliyomo katika sahani yetu tu.

Bei ya duka lile nayo ina sababu zake. Palizi hufanywa kwa mkono, mavuno kwa ekari kwa kawaida huwa madogo kuliko ya shamba la mbolea za viwandani, na mzigo mdogo husafirishwa peke yake usichanganyike na mwingine. Hata hivyo, usilipe bei hiyo kwa maneno ya kalamu ya wino juu ya karatasi. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, kilichopitishwa mwaka 2007 pamoja na alama ya Kilimohai. Itafute alama hiyo, na usipoiona, muulize muuzaji mzigo umetoka kwa mkulima gani na nani aliyeukagua. Mwenye mzigo wa kweli atakujibu bila kusita.

Naomba pia neno "asilia" au "kienyeji" lisikutoe katika tahadhari. Mchicha wa bonde la Msimbazi unaweza kuwa haujaonja dawa hata tone, ukakuzwa kwa samadi ya kuku peke yake, lakini watafiti wamekuta madini ya risasi katika mboga za bonde hilo, kwa kuwa maji ya mto yamebeba taka za jiji. Na mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki kwa sumukuvu, ambayo hutengenezwa na ukungu katika nafaka isiyokaushwa wala kuhifadhiwa vizuri. Mahindi hayo mengi waliyalima wenyewe. Kwa familia inayokula ugali kila siku, mimi ningeweka mahindi mbele ya nyanya: nunua yaliyokauka sawasawa, uyachambue, na utupe punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu kabla ya kuyapeleka mashineni.

Ukiniuliza ufanye nini na mshahara ulio nao, nitakushauri fedha ya ziada uielekeze kwenye nyanya, kabichi na chainizi, endapo duka lina alama, na vingine vyote uendelee kununua gengeni bila hofu, ila kwa tahadhari nilizotaja juu ya mchicha na mahindi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Ikiwa bei ya kilimo hai itasababisha watoto wapate mboga kidogo kuliko sasa, hapo hasara itakuwa kubwa kuliko faida.

SWALI: Je, kuosha mboga kwa siki au chumvi huondoa dawa?

JIBU: Huondoa sehemu iliyo juu ya ganda, na maji safi yanayotiririka pamoja na kusugua kwa mkono hufanya kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliwahi kuonyesha mwaka 2017 kwamba kuloweka matufaha kwa takriban robo saa katika maji yenye bikaboneti ya kupikia (baking soda) huondoa mabaki ya juu vizuri zaidi ya maji matupu. Dawa iliyokwisha kupenya ndani ya ganda, hata hivyo, haitoki kwa kuosha kwa namna yoyote, kumenya husaidia. Kabichi iondolewe majani ya nje.

SWALI: Sisi ni wakulima 14 wa Mgeta, Morogoro. Hatutumii dawa za viwandani, lakini mnunuzi anachanganya mzigo wetu na wa wengine kwa bei ile ile. Cheti tumeambiwa ni ghali. Tufanye nini?

JIBU: Ndugu zangu, cheti cha kampuni ya ukaguzi huwafaa zaidi wanaouza nje ya nchi, kama wakulima wa kakao wa Kyela. Kwa soko la ndani upo uthibitisho shirikishi, ambapo wanakikundi hukaguana wenyewe kwa zamu, shamba kwa shamba, kwa kufuata kiwango cha Afrika Mashariki, na gharama yake ni ndogo mno. Wasilianeni na TOAM, chombo kinachounganisha wadau wa kilimo hai nchini, mwelekezwe namna ya kusajili kikundi na kupata ruhusa ya kutumia alama. Wakati mkisubiri, kila mmoja awe na daftari la shamba: amepanda nini, lini, ametia samadi au mboji kiasi gani, jirani wa upande wa juu ananyunyiza nini. Kisha mtafute mnunuzi mmoja mjini, hoteli au shule, atakayepokea mzigo wenu moja kwa moja, kwa kuwa mzigo ukishapita mikononi mwa dalali hauwezi tena kutambulika ulikotoka.