Kulea Mtoto kwa Kiswahili Mjini Toronto

Tulipohamia Toronto, mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miaka minne na alizungumza Kiswahili cha Tanga kilichonyooka. Mwalimu wake alitushauri, kwa nia njema kabisa, tuzungumze naye Kiingereza nyumbani ili awafikie wenzake, nasi tukatii, kwa sababu mgeni huogopa kubishana na shule. Mwaka haukuisha akawa anatujibu kwa Kiingereza tu. Siku moja mama yangu alipiga simu kutoka nyumbani, akaisubiri shikamoo, haikuja, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, huyu ni mjukuu wangu au ni mgeni wenu?"

Kiingereza mtoto angekipata hata kama sisi wazazi tungekuwa mabubu, kwani kilikuwa darasani, uwanjani na kwenye televisheni, tena kilicho bora kuliko kile cha kuungaunga tulichokuwa tukimpa mezani. Kitu ambacho hakuna mwingine angempa ni Kiswahili, na ndicho tulichomnyima.

Kwa hiyo namshauri kila mzazi aishikilie lugha anayoimudu vizuri, hata mtoto akimjibu kwa nyingine. Anayejibu kwa Kiingereza bado anasikia na kuelewa. Usimkemee wala usimcheke, bali lirudie jibu lake kwa Kiswahili kisha uendelee na mazungumzo. Kwa miezi kadhaa utajiona unampigia mbuzi gitaa. Kwetu aliyeufungua mlango alikuwa mama, ambaye hajui Kiingereza, au pengine alijifanya hajui, maana nimeanza kumshuku. Kila Jumamosi asubuhi, wakati kwao jua limeshaanza kushuka, alizungumza na mjukuu wake peke yake, na mtoto akitaka kumsimulia habari za theluji ilimlazimu ayatafute maneno mwenyewe, kwa kuwa sisi tulikuwa tumeondoka chumbani kwa makusudi. Shikamoo nayo haikufundishwa kwa mahubiri, kwani bibi alinyamaza tu hadi aipate.

Mji wenyewe si adui katika jambo hili. Kanada ilitangaza sera ya tamaduni nyingi mwaka 1971 na kuitungia sheria mwaka 1988, na katika sensa ya mwaka 2021 wahamiaji walikuwa asilimia 46.6 ya wakazi wa Toronto na viunga vyake, kiasi kwamba hakuna anayegeuka kukutazama ukizungumza Kiswahili ndani ya basi. Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba, katika jimbo la Ontario, maombi ya wazazi kwa niaba ya wanafunzi 23 au zaidi huilazimu bodi ya shule kuanzisha masomo ya lugha yao, yasiyozidi saa mbili na nusu kwa wiki. Kusanyeni majina kwanza. Sisi tulipoteza miezi, Watanzania, Wakenya na Wakongo, tukibishana ni Kiswahili cha nani kifundishwe, na orodha ikabaki na majina tisa.

Mzazi naye asijisahau. Madarasa ya bure ya Kiingereza yanayogharimiwa na serikali kuu ni ya wakazi wa kudumu, na ukishapata uraia hustahiki tena, basi yatumie mapema, hasa kwa kuwa mwombaji wa uraia mwenye umri wa miaka 18 hadi 54 hutakiwa kuthibitisha kwamba anajua Kiingereza au Kifaransa.

Kuhusu mila, tumelazimika kuchagua. Mtoto aliyeinamisha macho mbele ya mkubwa alionekana shuleni kuwa anaficha jambo, hivyo tulimweleza wazi kwamba huko amtazame mwalimu usoni, na nyumbani afuate adabu ya kwetu. Salamu hatukuilegeza. Sasa ana miaka kumi na mitatu, anachanganya ngeli bila haya, na humwamkia shikamoo hata mzee wa Kijamaika wa ghorofa ya juu, ambaye siku hizi humwitikia marahaba.