Wadogo zangu wa sarafu za kale, acheni kusugua!

Nimeona tena picha ya sarafu iliyosuguliwa mpaka inang'aa kama kijiko kipya, halafu mtu anauliza "jamani hii ya wapi?" Tutajuaje na herufi zimeshaondoka? Nawapenda ila leo nisikilizeni.

1. Sarafu isiyo na sura ya mtu msiitupe. Mnachambua fungu la bei ya kutupa mnatafuta zenye sura za makaisari wa Roma tu, zingine mnarudisha. Watawala wengi wa Kiyahudi walikwepa sura ya mtu sababu ya Torati, ndo maana unakuta nanga, mtende, komamanga katikati ya pembe mbili za neema, zile za kujazwa matunda. Kijishaba cha gramu moja na ushee chenye nanga huku na nyota ya miale minane kule, hapo mfikirie Alexander Jannaeus, mfalme wa Yudea 103 hadi 76 KK.

2. Cheki ukingo. Vipande vya shaba vya kugongea sarafu hizi vilimiminwa kwa mkufu kwenye kalibu za mawe kisha vikakatwa, kwa hiyo vishina viwili vya kukatia vinavyotazamana ni dalili nzuri kwamba ni ya kweli. Mshono unaozunguka ukingo wote, hiyo feki, kimbia.

3. Msisugue!! Kuna kijana alipata shaba moja kwenye boksi la makorokoro akanitumia picha ikiwa bado na udongo wake, nikaona mtungi wa masikio mawili, nyuma jani la mzabibu, na kwa kuwa udongo umejaa kwenye mabonde ya shaba, herufi za Kiebrania cha kale zinasomeka vizuri kabisa, "uhuru wa Sayuni". Mtungi hauna kifuniko, maana yake mwaka wa pili wa vita vya Wayahudi na Roma, 67/68 BK, ule wa mwaka wa tatu una kifuniko. Nikamwandikia haraka usiiguse, kumbe ilishalala kwenye siki usiku kucha na asubuhi kaipiga brashi ya waya, picha ya pili nikaona duara la pinki tu. Pesa siyo hoja, za mwaka huo zipo nyingi na bei yake ya kawaida, ila hayo maneno waliyagonga watu ambao Hekalu lao lilichomwa 70 BK, yamekaa ardhini karibu miaka elfu mbili yakaja kufia kwenye bakuli la siki. Iliniuma na bado inaniuma. Kusafisha ni kwa maji yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke, kijiti cha mbao, subira, basi.

4. Mkiuliza ni ya wapi, tumeni uzito, upana kwa milimita, na picha pande zote mbili zikiwa zimemulikwa na tochi ya pembeni.

5. Ulizeni ilikotoka. Sheria ya Israeli ya 1978 inasema kitu cha kale kilichochimbuliwa huko baada ya hapo ni cha serikali. Muuzaji akianza kuzungukazunguka mrudishieni hata kama ni nzuri.