Ukiandaa Mkutano Arusha, Wape Wageni Nafasi ya Kuujua Mji

Nimefanya kazi katika sekretarieti za mikutano kadhaa jijini Arusha, na kosa ninaloliona likirudiwa, ambalo hata mimi nimelifanya, ni kubana ratiba kiasi kwamba mgeni anashuka KIA (Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro), analala hotelini, anashinda ukumbini siku tatu, kisha anaondoka bila kujua alikuwa mji gani. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu historia ya Arusha kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliokaa kitako wakajadiliana.

Majengo ya AICC, yaani Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, yalijengwa yawe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mwaka uliofuata yakageuzwa kituo cha mikutano, na baadaye humo humo ikaendesha kesi zake Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, hadi ilipofungwa mwaka 2015. Mkataba wa amani wa Burundi nao ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, chini ya usuluhishi wa Mandela, aliyeipokea kazi hiyo baada ya Mwalimu Nyerere kufariki.

Wakati fulani mama mmoja kutoka Rwanda aliniuliza, tukiwa kwenye mapumziko ya chai, mahakama ile ilikuwa upande gani. Nikampeleka. Alisimama kwenye korido, kikombe mkononi, mpaka chai ikapoa, na tuliporudi ukumbini kikao kilikuwa kimeshaanza. Sikuona sababu ya kumharakisha.

Tangu siku hiyo huacha alasiri moja wazi. Kutoka AICC ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Boma la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho. Kisha Mnara wa Saa, na hatimaye Makumbusho ya Azimio la Arusha, kwa kumbukumbu ya azimio lililopitishwa na TANU mwaka 1967. Mbuga wataziona wakitaka, na waongoza watalii hawakosekani.

Katika barua ya mwaliko, eleza wazi kwamba KIA iko takriban kilomita 50 kutoka mjini, na kwamba uwanja mdogo wa Kisongo ni mwingine kabisa. Na kama mkutano ni wa Juni au Julai, waambie wabebe sweta: mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru, na nimewahi kuwapokea wageni usiku wakitetemeka ndani ya mashati mepesi.